Aliyekata Sugu ya Kambo

Salima mwanangu,

Nimefunga duka mapema leo. Wateja wawili wamekuja, wamekuta mlango umerudishwa, nikawasikia wakiita "Papa Saidi! Papa Saidi!" na sikuitika. Mama yako yuko sokoni anakununulia ndagala wakavu wa kupeleka Kolwezi kesho, kana kwamba watu wa Kolwezi hawana samaki hao wadogo. Wewe uko kwa wajomba zako, unawaaga. Nina muda kidogo wa kuwa peke yangu, tangu sasa baada ya sala ya alasiri mpaka mtakaporudi, na nataka kuutumia kuandika jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kulisema kwa miaka kumi na mitatu.

Habari za chakula sitakuandikia, wala za wanaume, wala za kupiga simu ukifika. Mama yako amezisema mpaka unazijibu kabla hajamaliza. Mimi nitakuandikia habari ya miguu. Najua utacheka, utasema Papa hata siku ya kufa ataangalia kwanza malaika amevaa viatu gani. Cheka tu. Lakini soma mpaka mwisho.

Jumanne ulirudi na zile buti za kazi ulizopewa na kampuni, ukakaa kwenye kigoda cha wateja, ukazivaa mbele yetu. Nilikuwa na furaha, Mungu anajua. Binti yangu ataendesha lori la mgodini, lori ambalo gurudumu lake linampita mtu kwa urefu! Nikakutazama unavuta kamba huku umeuma mdomo wa chini. Nikapiga magoti, nikabonyeza mbele kwa kidole gumba. Nikakuta chuma, na nikajua kwamba nyuma ya chuma kidole chako kimefika mwisho wa njia.

"Ni namba ngapi?" nikakuuliza.

"Trente-neuf, Papa. Yangu haikukuwa ku depo."

Mguu wako si wa thelathini na tisa, ni wa arobaini na moja tangu una miaka kumi na saba. Nikakuambia. Ukacheka, ukasimama, ukapiga hatua mbili kama askari.

"Haina neno, Papa. Ngozi itajifunza muguu."

Mama yako akapiga makofi: "Mutoto wa fundi!" Mimi nikageuka nikajifanya natafuta gundi.

Maneno hayo ni yangu. Nimewaambia wateja maneno hayo maisha yangu yote. Mtu akisema kiatu kinambana, namwambia ngozi itajifunza mguu, avae siku tatu tu. Anaondoka, na mimi sina kazi ya kushona upya. Mara nyingine ni kweli, ngozi nzuri hulegea kidogo. Mara nyingi ni mguu unaojifunza kiatu, na unajifunza kwa maumivu. Mtu wa kwanza kuulipia uongo huo alikuwa mama yangu Zainabu, bibi yako, uliyemwita kambo.

Wewe ulimjua akiwa tayari mtu mzima anayetembea polepole. Mimi nilimjua akitembea mtaa wetu wote wa Kamalondo na beseni la vitumbua kichwani, asubuhi na jioni, na sauti yake ikimtangulia kwenye kona. Alikuja mji huu akiwa bibi arusi kutoka Kasongo, na miguu yake ilikuwa miguu ya mtu aliyekua bila viatu: mipana mbele, vidole vimekaa kila kimoja mahali pake kama watu waliogawana mkeka vizuri. Baba yangu, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akimshonea makubazi tu. Alisema mguu ule haupaswi kufungwa.

Baba alipokufa, nikarithi duka na kiburi. Nilitaka watu waseme kwamba mtoto amempita baba. Kwa Idi ya kwanza nikaamua kumshonea mama viatu vya kufunika, vyekundu vilivyokolea, vyenye ncha mbele na kisigino kidogo. Kwa viatu vya kike nilikuwa na forma jozi moja tu, ile miguu ya mti tunayoshonea juu yake, na ilikuwa nyembamba. Nilijua ni nyembamba. Nilikuwa nimeshika miguu ya mama mikononi nikiipima. Lakini vile viatu vilikuwa vizuri, Salima. Vilikuwa vizuri kuliko chochote kilichowahi kutoka duka hili.

Alivivaa. Akasimama mlangoni, akashika ukuta.

"Vinabana?" nikauliza.

"Kidogo tu. Hapa pembeni."

"Ngozi itajifunza muguu, Mama."

Akaniamini. Ningekuwa fundi mwingine angevirudisha, angegomba, wewe ulimjua. Lakini ni mtoto wake aliyeshona. Akavivaa Idi, akavivaa kila Ijumaa, kila harusi, kila msiba. Mtu akivisifu alikuwa anainua gauni kidogo na kusema, "Hizi bilatu njo mutoto wangu mwenyewe alishona." Alikuwa anatembea na maumivu kwa ajili ya kunisifu. Hilo nililielewa akiwa amekwisha kufa.

Baada ya mwaka akawa na sugu kwenye kidole kidogo cha mguu wa kuume, na nyingine kati ya kidole hicho na jirani yake. Ngozi ikibanwa mahali pamoja kila siku hujitetea, huongeza tabaka juu ya tabaka. Ile ya juu unaiona ngumu na ya njano. Usichokiona ni kiini chake, kimechongoka kuelekea ndani, na kila hatua kiatu kinakisukuma kwenye nyama kama msumari. Kwa hiyo sugu siyo ugonjwa unaoanza mguuni. Huanza kwenye kiatu. Ukiondoa kinachobana, sugu hulainika yenyewe kwa siku na majuma. Kinachobana kikibaki, kata unavyotaka, itarudi.

Mimi nilikata. Nilikuwa na kile kisu cha kupunguzia ngozi, unakijua, kinachokata unywele ukiwa hewani. Nikamkalisha mama hapa dukani, nikaweka mguu wake juu ya aproni yangu, nikaanza kupunguza sugu kama ninavyopunguza kisigino cha kiatu. Alicheka kwa kutekenywa. Alipokanyaga chini akasema, "Weh! Kama mapya!" Siku ile nilijiona dokta. Majirani wakasikia. Wazee wa mtaa wakaanza kuja na miguu yao, na mimi nikawakata wote, naomba Mungu anisamehe kwa wale ambao sikujua mwisho wao.

Mama alikuwa anarudi baada ya miezi miwili, kisha kila mwezi. Na viatu vilikuwa vilevile. Sikuwahi kufikiria kumshonea vingine. Fikiria jambo hilo. Nina ngozi, nina uzi, nina mikono, na mama yangu mzazi anakuja kila mwezi kukatwa sugu kwa sababu ya kiatu changu, na mimi nashika kisu badala ya kushika forma mpya. Kushona kiatu kipana kungekuwa kukubali kwamba kile cha kwanza kilikuwa kibaya.

Miaka ikaenda. Ukazaliwa wewe, ukakua. Kambo akaanza kunywa maji sana, akaanza kuamka mara kwa mara kwenda kukojoa, macho yakapungua. Tulisema ni uzee. Na wakati huohuo akaacha kulalamika nilipomkata. Zamani, nikifika karibu na kiini alikuwa anavuta mguu na kunipiga begani. Sasa alikuwa anatulia, anaongea habari za Kasongo, mara nyingine anasinzia. Nikafurahi. Nikajiambia, "Mukono wangu umekuwa mwepesi." Mwanangu, mkono wangu haukuwa mwepesi. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umekaa mwilini mwake miaka bila sisi kujua, na ulikuwa umekwisha kuua hisia za miguu yake. Hakusikia kisu. Hakusikia kitu.

Sasa nafika pale ambapo wewe unapajua.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulirudi shuleni, bado umevaa sare ya bluu na nyeupe, ukasimama hapa mlangoni huku nampimia mteja.

"Papa, mu mukeka ya kambo muko damu."

"Damu gani?"

"Ku muguu yake. Ile wenye ulimukata."

Mteja akainua macho. Nikaona haya. Na mimi, badala ya kuinuka, nikakukaripia mbele ya mtu yule: "Mutoto hasemi mambo ya bantu bakubwa! Enda ufue nguo zako!" Ukaondoka. Jioni nilipita uani nikakuona umeinama unasugua ule mkeka kwa sabuni, wewe peke yako, ukitazama nyuma kama mwizi. Nilijua unasugua nini. Nikaingia ndani. Siku mbili baadaye nikakuona tena, mkeka uleule. Nikaingia ndani tena.

Usiniulize nilikuwa nafikiri nini. Nilikuwa nafikiri kidonda kitafunga chenyewe, kama vinavyofunga vidole vyangu nikijikata. Nilikuwa nafikiri kwamba nikimpeleka hospitali wataniuliza.

Alipopandwa na homa ndipo tulipomvua soksi. Unakumbuka harufu, sitaiandika. Tukampakia kwenye taksi, wewe ukapanda mbele ukashika mfuko wake wa nguo, hakuna aliyekuambia upande. Hospitali alitupokea yule muuguzi, Mama Ngoie, mwanamke mrefu mwenye rozari mfukoni, baba yake alikuwa mtu wa reli kutoka kaskazini. Akafungua kitambaa, akatazama kidole muda mrefu, akauliza kwa utulivu:

"Nani alikata hapa?"

Nilikuwa nimesimama upande wa kichwa. Nilifungua mdomo. Mbele ya Mungu, niliufungua. Mama akanitangulia.

"Ni miye moya. Miye mwenyewe."

"Na nini, Mama?"

"Na wembe. Wembe ya kunyolea."

Mama Ngoie akamtazama yale macho yaliyokwisha kufunikwa na ukungu. "Mama, weye unaona kati ya vidole yako?"

"Ninapapasa," mama akasema.

Muuguzi akainua uso, akatazama mikono yangu. Ilikuwa na gundi na nta kama kila siku. Akarudi kwenye kidonda. Nami nikatazama pembeni ili nisikutane na macho yake, nikakutana na yako. Ulikuwa dirishani na ule mfuko kifuani. Ulinitazama, ukangoja. Kisha ukainamisha kichwa. Hujawahi kunitazama vile tena, na hujawahi kuniuliza.

Walikata vidole viwili. Haikutosha. Dokta alituita, akatueleza kwamba damu haifiki chini, kwamba uozo unapanda, na kwamba akingoja atampoteza mama mzima. Mguu wa kuume ukakatwa chini ya goti. Shangazi yako Asha alifika asubuhi iliyofuata kutoka kwake kule Annexe, na ukimjua Asha unajua kwamba kwake uchungu hutoka ukiwa hasira. Siku nyingi mama alikuwa amewaambia yeye na mama yako kwamba kisu changu amekiacha, kwamba anajikata mwenyewe, ili wasinigombeze. Asha akasimama miguuni pa kitanda, pale palipokuwa na mguu mmoja, akaanza:

"Mama! Mara ngapi nilikuambia usijikate? Mara ngapi? Unaona sasa? Weye njo uliharibu muguu yako!"

Mama akavuta shuka. "Nilikosa, Asha. Mama yako alikosa."

Mimi nilikuwa nimeshika beseni la maji. Nilikwenda kulimwaga, nikakaa nje mpaka Asha alipotulia.

Tulipomrudisha nyumbani, mama alikuwa hainuki. Alilala chali, na ule mguu wa kushoto uliobaki ulilala kisigino chini, saa baada ya saa, mahali pamoja. Hatukujua kwamba kitanda nacho hubana kama kiatu. Mama Ngoie alikuwa anapita Kamalondo akitoka kazini, akaingia siku moja kumjulia hali, akauinua mguu. Kwenye kisigino palikuwa pamekuwa pagumu, peusi kuliko ngozi ya pembeni. Katikati ngozi ilikuwa imeanza kufunguka.

"Papa Saidi, kuja hapa," akasema. "Weka mukono. Hapana vidole, mugongo ya mukono."

Nikaweka. Palikuwa na joto.

"Bazungu ngozi yao inakuwa nyekundu, beye banaona mbiyo. Shee ngozi yetu haionyeshi. Njo maana unatafuta joto. Kila siku. Pahali penye kuwa na joto ama pagumu, haipaswi kulalia tena."

Nilitaka kuonyesha kwamba mimi ni fundi. Usiku uleule, samahani, kesho yake mchana, nikashona mto wa duara wenye tundu katikati, wa ngozi laini na sponji, ili kisigino kikae kwenye tundu. Ulikuwa umeshonwa vizuri mno. Mama Ngoie alipouona akautoa chini ya mguu, akaniwekea mkononi. "Hii inafunga damu kuzunguka kidonda. Iko muzuri kwa macho tu." Alichukua mto wa kawaida wa kulalia, akauweka chini ya shavu la mguu, kuanzia nyuma ya goti mpaka karibu na kifundo, hata kisigino kikabaki hewani hakigusi kitu. Basi. Mto wa kulalia. Nilisimama pale na kazi yangu nzuri mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwa wazi kwamba tangu vile viatu vyekundu nilikuwa nashona kwa ajili ya macho ya watu.

Tangu siku ile nikajifunza. Nilikuwa natoka dukani kila baada ya muda mfupi kuja kumgeuza: upande huu, upande ule, kidogo chali. Maji ya kumwosha niliyapima kwa kiwiko changu, maana mguu wake usingemwambia kama yanaunguza. Nilimkausha kati ya vidole kama mtu anayekausha kikombe chembamba, nikampaka mafuta juu na chini ya mguu lakini si kati ya vidole, kwa sababu unyevu ukikaa pale ngozi hulegea na kupasuka. Kidonda chenyewe kiliguswa na Mama Ngoie tu, na kitambaa chake safi. Kisu sikukisogeza. Mvua zilianza, zikanyesha, zikakatika, ndipo kisigino kikafunga. Siku Mama Ngoie alipoondoa kitambaa na hakuweka kingine, mama alimwomba auchukue mkono wangu, auweke juu ya kile kisigino. Ngozi ilikuwa nyororo, mpya.

"Unaona," akaniambia, "unajua kuponya pia."

Neno lile "pia" lilinichoma. Nikapiga magoti pale kitandani. "Mama, kesho nitamwambia Asha."

"Utamuambia nini?"

"Kwamba ni miye nilikukata. Bilatu na kisu, yote miye."

Kisha akasema, "Uache. Asha iko na hasira mingi. Na bantu bakijua, nani atakuletea kiatu? Uko na mutoto wa kulisha."

Nikakubali. Na nilikubali upesi, Salima, upesi mno. Mama alikuwa ananipa alichobaki nacho, na mimi nikakipokea kama mtu anayepokea chenji.

Aliishi miaka miwili baada ya hapo, akafa kwa ugonjwa wa kifua, na kisigino kile kilikuwa kizima mpaka siku tuliyomzika. Kwenye msiba nilikuwa namimina chai, nikamsikia Asha akiwaambia wanawake waliotoka mbali: "Mama alikuwa na kichwa ngumu. Alijikata mwenyewe. Angesikia, tungekuwa naye." Wewe ulikuwa umekaa karibu yake na sinia la mikate. Ulinyanyuka ukatoka. Miaka yote hii, kila Asha anapolitaja jambo hilo, wewe unanyanyuka na kutoka. Watu wanasema Salima alimpenda sana kambo yake, hawezi kusikia habari hizo. Mimi najua kwa nini unatoka.

Basi ndiyo maana Jumanne sikucheka na nyinyi. Nilikuona umeuma mdomo, unasema haina neno, na nikauliza moyoni: huyu mtoto amejifunza wapi kunyamaza na kitu kinachomuumiza ili mtu mwingine asione haya? Amejifunza hapa. Amejifunza kwangu, siku ile nilipomfukuza mlangoni akafue nguo.

Kuhusu buti, nitasema kama fundi, si kama baba. Chuma hakijifunzi mguu wa mtu. Siwezi kukinyoosha, nimejaribu jana ulipotoka, kwa forma yangu kubwa kuliko zote, hakikusogea hata unywele. Ukifika rudi kwa mtu wa depo, umwambie hizi si zangu. Akisema hakuna, umwambie tena kesho, na kesho kutwa. Wataona kwamba msichana huyu ana maneno mengi, waone. Kama sugu imekwisha kuanza, loweka mguu katika maji ya uvuguvugu, sugua kidogo kwa jiwe la miguu, paka mafuta, na uiache. Usimpe mtu yeyote akukate, hata awe na mkono mzuri namna gani. Na kila mwaka pimwa sukari. Damu ya kambo imo ndani yako na ndani yangu, na sisi wawili tumeona inakuja bila kupiga hodi. Mimi nimepimwa mwezi uliopita. Sina, bado. Nilisahau kukuambia, au niliogopa ungeuliza kwa nini nimekwenda.

Asubuhi ya leo nilikuaga nikasema naenda kununua uzi. Sikwenda kununua uzi. Nilipanda basi mpaka Annexe, kwa shangazi yako.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi ya shamba lake, peke yake. Alifurahi kuniona, akanisogezea kiti, akaanza kuniuliza habari za safari yako, akasema amekufumia sweta kwa sababu Kolwezi kuna baridi ya asubuhi. Nikamwambia, "Asha, weka mahindi chini." Nikamwambia yote. Viatu, forma, kisu, damu kwenye mkeka, wewe mlangoni, mama akisema wembe. Nilisema bila kusimama kwa sababu nilijua nikisimama nitarudi nyumbani.

Hakulia. Hakupiga kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku nilimugombeza pale hospitali. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale. Nilishika beseni."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Akaangalia mikono yake imejaa vumbi la mahindi. "Kumi na tatu," akasema. "Miaka kumi na tatu ninamusema vibaya mama yangu kwa bantu." Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikaa uani. Jua lilinifikia miguuni, likapanda magotini. Baadaye akasema kutoka ndani, bila kufungua:

"Uende, Saidi. Kesho sitakuja ku basi. Siwezi kusimama karibu na weye. Umuambie mutoto nitamupigia simu."

Akafungua mlango kidogo, akapitisha mkono tu, akanipa lile sweta. Liko juu ya sanduku lako, la kijani.

Kwa hiyo kesho ukitazama watu waliokuja kukuaga na usimwone shangazi, usijiulize umemkosea nini. Hujamkosea. Pengine kwa muda atanikataa mimi, pengine na duka litapungua watu, maana Asha hatataka tena kubeba neno lisilo la kweli na sijamwomba alibebe. Ni sawa. Mama yako nitamwambia leo akirudi na ndagala zake, kabla ya kukupa karatasi hii.

Nawe ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa sauti. Piga simu kutoka Kolwezi unikasirikie, nitashika simu mpaka utakapomaliza. Kama hutaki, usinisamehe haraka kama kambo alivyonisamehe. Msamaha ule wa haraka ulinilaza usingizi miaka mingi. Jambo moja tu sikutaka: uondoke nyumba hii ukiwa bado unanifichia siri. Ulikuwa mdogo kwa mzigo ule. Tangu leo ni wangu, na shangazi yako amekwisha kujua kwamba ni wangu.

Baba yako,
Saidi